Funguo Sita za Elerai

Elerai, Arusha
Jumapili, 16 Juni

Kwa Baba yangu, Mzee Yiamat,

Shikamoo, Baba. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na mama yangu Yeyo na wote walioko bomani. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Huku mlima haujaonekana tangu Jumatano kwa ukungu, na kila nikiwaza upepo wa Oldonyosambu naomba usitoke na ng'ombe kabla jua halijapanda. Mahindi yamebeba? Na yule ndama mwekundu aliyekataa kunyonya, alipona? Mimi mwili hauna shida. Viatu vya watu bado navishona pale pale karibu na soko, na baiskeli yangu ya magurudumu matatu nimeitia mnyororo mpya.

Moyoni ndiko nina hasira, Baba, na sitaificha eti kwa kuwa wewe ni mzazi. Simu imenishinda. Ukipokea unaanza kunisihi, nami nakosa adabu, nakata. Juzi Baba mdogo Nathanael alikuja na ujumbe wako kwamba niende polisi nikafute maneno yangu dhidi ya Lesian, na kwamba mambo ya kaka na dada yatamalizwa nyumbani kwa kuchinja kondoo. Nilimkaribisha chai, akanywa, akaondoka bila jibu. Jibu ni hili, na nakuomba ulisome lote hadi mwisho hata kama litakukera.

Uliwahi kuniuliza kwa nini nilihama Themi, nikakudanganya kwamba palikuwa mbali na kazi. Ukweli ni kwamba mwenye nyumba alinitoa. Alisema magurudumu yangu yanachubua sakafu yake na wapangaji wamechoka kunipisha koridoni. Nilimwomba aniruhusu nimwage zege kidogo mlangoni, kwa gharama yangu, ili nisitambae kila nikitoka. Akasema nyumba yake siyo hospitali. Dalali akanizungusha vyumba kumi na kimoja. Kwingine choo kilikuwa juu ya ngazi tano. Kwingine mlango ulikuwa mwembamba, baiskeli ikabaki nje na mimi nikabaki nayo. Pa mwisho, mama mwenye nyumba alinitazama miguu, kisha akamwuliza dalali, nami nipo pale pale nasikia, "Huyu akifia humu ndani nitamwita nani?" Tangu lini mpangaji akaulizwa habari za kifo chake kabla ya kuulizwa jina?

Nikaishia kwenye baraza la duka moja la vifaa vya ujenzi. Hapo nikawakuta Pudensiana na Solomoni. Pudensiana ni mama wa Rombo aliyekatwa miguu yote miwili baada ya kugongwa na lori, na mumewe alipofariki shemeji zake wakamtoa nyumbani siku ya tatu baada ya mazishi. Solomoni ni kipofu, zamani alikuwa mwalimu wa kwaya. Tulilala tumepangana. Nyuma ya ukuta ule ule mifuko ya saruji ilikuwa na paa, mlango na mlinzi.

Tulikuwa sita wa namna hiyo, tukaunda kikundi. Tuliandika barua, tukakaa kwenye mabenchi ya ofisi hadi wahudumu wakatujua kwa majina, na mwaka jana tukapata kiwanja huku Elerai na wafadhili wa kutujengea. Baba, ungeiona nyumba ile! Vyumba sita, milango mipana, hakuna kizingiti hata kimoja, chooni kuna vyuma vya kujishikilia, na bomba la maji unalifikia ukiwa umekaa. Wafadhili walitaka msimamizi mwenye elimu na pikipiki wa kufuatilia mafundi. Mimi ndiye niliyemtaja Lesian. Nilimdhamini nikasema ni kaka yangu, namfahamu.

Siku ya makabidhiano, mwezi wa tatu, palikuwa na turubai, keki na wapiga picha. Kila mmoja alipewa ufunguo uliofungwa utepe. Pudensiana aliuweka wake kifuani, ndani ya nguo, akacheka hadi akakohoa. Wageni walipoondoka, Lesian akapita na ndoo ya plastiki akazikusanya funguo zote sita. Alisema umeme bado haujaunganishwa, tusubiri wiki mbili. Pudensiana alikuwa wa mwisho kuutoa.

Wiki mbili zikawa nne, masika yakaanza, na barazani wenzangu walikuwa wakikesha wamekaa ili maji yapite chini yao. Solomoni akachoka kusubiri. Asubuhi moja alikuja Elerai kwa fimbo yake, akahesabu milango kwa mkono, akasimama kwenye chumba cha nne, ambacho ndicho chake. Akasikia televisheni. Akasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Akabisha.

Mwanamke akafungua akamwuliza, "Unamtafuta nani?"

"Najitafuta mwenyewe," Solomoni akasema. "Hiki ni chumba changu."

Mwanamke akamwambia wao wamepangishwa na msimamizi, wamelipa, na kama ana njaa aseme tu. Kisha akamletea ugali kwenye sahani, akamwonyesha pa kukaa, chini, nje ya mlango wake mwenyewe. Solomoni aliirudisha sahani bila kuigusa. Alimpigia Lesian simu, na Lesian akamjibu kwamba nyumba inahitaji matunzo na matunzo hayaji bure, kwa hiyo wawe na subira.

Mwisho wa mwezi wa nne Pudensiana akashikwa na nimonia. Nilimkuta wodini anavuta pumzi kwa shida, mgongo wote umeingia baridi. Aliniuliza siku hizi nalala wapi. Nikamjibu, kwa ndugu. Akasema, "Afadhali wewe," akanishika mkono. Mkono ule sijausahau.

Mwezi wa tano wafadhili wakatangaza kuja kukagua. Lesian akawaondoa wapangaji wake kwa siku moja, akatandika vitanda, akatuleta sisi, kila mtu akae mlangoni kama mwenye chumba. Pudensiana alitolewa hospitali asubuhi ile ile. Mimi nilipangiwa kutoa neno la shukrani, na Lesian aliniandikia la kusema. Nilipopewa kipaza sauti nikaikunja ile karatasi. Nilisema, "Ndugu wageni, fungueni makabati." Wakafungua. Ndani mlikuwa na sare za shule za watoto wa watu, masufuria, viatu vya wanaume. Nikaeleza habari ya ndoo. Nikasema aliyezichukua funguo ni Lesian Yiamat, mtoto wa baba yangu na mama yangu, na kwamba mwanamke huyu mnayemwona anatetemeka ameugua kwa kulala kwenye maji huku chumba chake kikiwa na televisheni ya mtu.

Lesian akanifokea kwa Kimaasai mbele ya watu wote. Waliokuwapo wakadhani ananitukana. Yaliyofuata umekwisha kuyasikia: polisi wakaja, wapangaji wakahamishwa, wenye vyumba wakaingia, na kesi itasikilizwa Alhamisi.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo wa barua. Lesian hakunitukana. Aliniuliza, "Na wewe umelala wapi miezi hii miwili?"

Kesho yake baada ya makabidhiano alinirudishia ufunguo wangu, chumba namba tatu, peke yangu kati ya sita. Alisema mimi ni damu yake, wengine watasubiri, nami nisiseme. Nikaupokea. Nililala kitandani, mlango umefungwa, nikalia kwa raha, Mungu anisamehe. Niliwaona wapangaji wakishusha makochi. Nilijua wanaingia kwenye vyumba vya nani. Na asubuhi ile Solomoni alipobisha namba nne, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, ndiyo maana nayajua maneno yao yote. Nilizima redio asinigundue.

Jana niliwaeleza Solomoni na Pudensiana haya yote. Solomoni akasema, "Siku ile nilisikia redio ikizimwa. Nikajua humo ndani kuna mtu anayenifahamu." Leo asubuhi Pudensiana amepita mlangoni kwangu kwenda bombani, sijasalimiwa, na sina haki ya kulalamika. Alhamisi nitayasema haya mahakamani pia, hata kama wakili wa Lesian atanigeuzia kibao. Kwa hiyo usimtume tena Baba mdogo. Sitafuta hata neno moja.

Lakini wewe nawe, Baba, kuna jambo ulisikie kutoka kwangu. Ulipogawa shamba, Lesian alipata upande wa juu hadi mferejini, ndugu yetu Meitamei akapata upande wa chini. Nilipokuuliza langu, ulisema mbele ya wazee kwamba mimi sitaolewa na sitaweza kulima, kwa hiyo nitakaa kwa Lesian maisha yangu yote. Uliona umenihurumia. Baba, wenzangu walipewa ardhi, mimi ukanigawia kaka. Ndiyo maana aliponiambia ninyamaze nilinyamaza, maana nilifundishwa kwamba paa langu liko mdomoni mwake. Ulinibeba mgongoni kwenda shule miaka minne, na hilo silisahau. Ila hukuwahi kunipa mahali pa kushuka.

Nataka kipande changu, kiandikwe kijijini kwa jina langu, mashahidi waweke sahihi. Sisemi nitakuja kukaa. Nataka kiwepo, ili asiwepo mtu mwingine wa kunichagulia lini niseme na lini ninyamaze. Ukikubali, nitumie nakala. Ukikataa, niambie wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Mpe Yeyo salamu nyingi, mwambie shuka alilonifumia nimempa Pudensiana, kalipokea kupitia kwa Solomoni. Msalimie Meitamei na watoto wake, na mchungaji, na jirani zetu wa ng'ambo ya korongo. Jifunike vizuri usiku, na dawa ya goti usiiache katikati.

Ni mimi binti yako,
Naisula Yiamat
Chumba namba tatu