Kocha, Damu Yangu Haikuwa Kidogo

Kocha,

Ni mimi, Naserian. Jumamosi watu walikusanyika kwako Kitengela kujengea kaburi lako simiti, na mimi sikuenda. Mke wako hakunialika. Hata angenialika, nisingejua nikae wapi, na familia kama siku tulipokuzika, ama nyuma kule na wageni.

Siku ya mazishi ni mimi nilipewa maiki niongee kwa niaba ya wanariadha wako. Nilisema ulinitoa kwetu, huko nje ya Kajiado, nikiwa msichana wa kukimbia na sandali za plastiki, ukanipa kitanda chumba kimoja na binti yako Wanjiru. Nilisema ulitufunza kushinda bila kuiba. Watu walipiga makofi, Kocha. Makofi, matangani. Wanjiru peke yake ndiye aliyekuwa anaangalia chini, nami nikadhani ni uchungu.

Hata maua ya kaburi hayakuwa yamekauka vizuri, simu ikalia. Mwanamume mpole, sauti ya ofisi, wa wale wanaopima wanariadha dawa. Akaniambia mkojo nilioutoa baada ya zile mbio za mwisho ulizoniona nikishinda umepatikana na dawa ya kuongeza damu. Nilicheka. Nikamwambia wamechanganya watu, mimi hata tembe za kichwa huwa naziogopa.

Halafu nikakumbuka sindano.

Ulikuwa unanidungia nyuma ya jikoni, umenawa mikono kama mtu anayeenda kula. Unaniambia niangalie vilima vya Ngong nisiione. "Damu yako ni kidogo, mtoto wangu. Hii ni vitamini tu." Kisha mke wako ananiletea uji wa wimbi, wa moto. Sikuwahi kuuliza. Ningekuuliza nini? Wewe ni Mkikuyu wa Murang'a, lakini ulijifunza desturi yetu ya Kimaasai kwa ajili yangu. Kila asubuhi nikiinama ulinigusa kichwa kama wazee wa kwetu wanavyogusa watoto wao. Mkono huo huo.

Nilienda hospitali Kajiado, nikamwomba daktari anipime damu. Akasema iko sawa kabisa. Akaniuliza, "Nani alikuambia ni kidogo?" Nikachukua karatasi yangu nikatoka. Nilikuwa bado nakutetea, unaona. Nilijiambia wewe pia ulidanganywa, kwamba aliyekuuzia zile chupa alikuambia ni vitamini, nawe ukaamini kama mimi.

Ndiyo nikaja kwako kumuuliza Wanjiru. Nilimkuta anaanika nguo. Wanjiru wetu, aliyekuwa anamaliza nyuma yangu kila zoezi, mimi nimeshapumzika, nimemshikia maji. Nilimhurumia miaka hiyo yote. Aliendelea kuanika, hakuniangalia.

"Naserian, hiyo sindano hata mimi niliiomba," akasema. "Nilikuwa nimechoka kuachwa. Baba alikasirika sana. Akaniambia, wewe hapana. Wewe ni mtoto wangu."

Kocha.

Mtoto wangu. Mimi pia uliniita hivyo, na sindano iko mkononi.

Kumbe ulijua. Ulijua vizuri kwamba ni kitu cha kuogopa, ukaangalia wasichana wawili wanaokula sufuria moja, ukachagua. Ningekuwa na wewe hapa ningepiga kelele mpaka majirani watoke. Lakini uliangukia kando ya uwanja na presha yako, ukaenda, na sasa hata hasira yangu haina mtu wa kuijibu.

Nimefungiwa kushindana, miaka si michache. Mama yangu anauza shanga sokoni Kajiado, na wale wanawake waliokuwa wanamwita mama wa bingwa sasa wakimwona wanaanza kuongea mambo ya mvua. Nilimpigia simu yule msichana wa Loitokitok aliyekuwa wa pili kwenye mbio hizo, nikamwambia medali ni yake na atapelekewa.  Akaniuliza, "Na ile siku yenyewe utanirudishia aje?" Ningekupa simu umjibu wewe.

Kabla sijaenda mbele ya wale wa kusikiliza kesi, mke wako alikuja mpaka kwetu. Alikataa chai. Akasema, "Aliyekosa tumeshamzika. Tafadhali usimfukue." Alilia, nami nikalia na yeye, kwa sababu ule uji ulikuwa uji wa kweli. Lakini walipouliza ni nani alikuwa ananidunga, nilitaja majina yako. Yote mawili. Wanjiru alikuwa ameketi karibu nami, akawaambia alichoniambia mimi. Adhabu walipunguza kidogo, haikuisha. Tangu siku hiyo mama yake haongei naye, na Wanjiru analala kwetu.

Asubuhi tunakimbia pamoja, yeye na mimi, barabara ya vumbi, ya murram, upepo wa Kajiado unavyoujua. Hatubebi saa. Siku zingine ananipita. Mara ya kwanza aliponipita alisimama akageuka, kama ameogopa, nikamwambia, "Enda!" na akaenda.

Mimi nakimbia nikijiuliza swali moja tu. Zile mbio zote, ule utepe niliokata nikikutafuta kwa macho kwenye umati, ilikuwa ni mimi? Hicho ndicho ulichoniibia. Medali ni chuma. Lakini mimi sasa sijui kama niko na mbio ama sina, na wewe ndiye mtu pekee ambaye ningemuuliza.

Pumzika, Kocha. Neno salama bado linanikwama, nitalisema siku litakapotoka lenyewe. Ahadi yangu ni hii. Wakinifungulia nitasimama tena kwenye mstari, hata kama nitakuwa nimezeeka, hata kama watu watanizomea. Nikimaliza wa kumi na tano, hiyo nambari kumi na tano nitaipokea kwa mikono miwili. Itakuwa yangu.

Naserian