Ukuta wa Buluu wa Ndama Wako

Machochwe, Jimbo la Ziwa, 1958

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Pokea heshima zangu zote. Nimeketi wima mezani, vifungo vya shati vimefungwa hadi shingoni, kama ulivyotaka kila nilipoandika jambo la maana.

Hukujifunza kusoma, na kila barua iliyowahi kukufikia ilisomwa kwa sauti uani, mbele ya yeyote aliyekuwa akipita. Kwa sababu hiyo hata hii naiandika iwe wazi kwa watu wote, ingawa tangu tulipokuzika kando ya zizi sijui ni nani atakayekusomea. Nimewaandikia majirani maombi mengi kwa Bwana Shauri, afisa wa serikali wilayani, na kwa baraza la mtemi, lakini hili si ombi. Ni taarifa, na shukrani imo ndani yake. Chumba kidogo cha upande wa mashariki, katika nyumba yangu ya pembe nne, kinapakwa rangi tena.

Nadhani hujasahau kilivyoanza. Mke wangu Ghati alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, wote kabla hawajapewa majina. Mara ya pili alilazwa muda mrefu katika hospitali ya misheni huko Tarime, kwenye wodi iliyopakwa buluu hafifu. Aliniambia kwamba kila alipofumbua macho, ukuta ule ulimtuliza kuliko maneno ya watu. Basi mimba ya tatu iliposhika, hakuomba nguo wala shanga. Aliomba ukuta kama ule katika chumba atakacholala na mtoto, na aliomba upakwe mapema, ili awe akiutazama na kuamini kwamba safari hii kuna mtu anayekuja.

Nikatembea hadi Mugumu, nikanunua chokaa, burashi, na buluu ya kufulia nguo, kwa kuwa nilikuwa nimeelezwa kwamba buluu ikikorogwa ndani ya chokaa hutoa rangi ya mbingu ya asubuhi. Niliporudi ulikuwa umesimama mlangoni mwa chumba.

“Huyo mtu hajafika, nanyi mnamtandikia,” ulisema. “Mnataka nani asikie?”

Ukatukumbusha kwamba katika boma letu hakuna aliyewahi kushona kitambaa, kutaja jina, wala kufagia mahali kwa ajili ya asiyezaliwa bado. Furaha ikitangazwa mapema, ulisema, husikiwa hata na yale yasiyotakiwa kuisikia, na nyumba hii ilikuwa imekwisha kusikiwa mara mbili.

Nilisimama nikatoa hoja zangu kwa mpangilio: ya kwanza kuhusu desturi ya hospitali, ya pili kuhusu uwezo wa chokaa kuua wadudu, na ya tatu kwamba Mwenyezi Mungu hamkasirikii mtu anayesafisha nyumba yake. Ulinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha ukauliza kama nimemaliza, ukanijulisha kwamba mbuzi ameingia kwenye mtama.

Ghati hakubishana nawe. Aliichukua ile buluu akaisukuma chini ya kitanda, na tangu hapo akawa mtu wa kujibu tu anapoulizwa. Jioni moja nilimkuta akipitisha kiganja juu ya ukuta wa udongo, taratibu, kama anayetafuta mahali penye joto. Sikujua kwamba nawe ulikuwa ukimwona kutoka jikoni.

Asubuhi iliyofuata uliingia ndani ukivuta ndama kwa kamba, yule jike mdogo wa ng'ombe uliyekuwa ukimkamua mwenyewe. Ukapita naye katikati yetu tukiwa tunakunywa uji, ukamfunga katika chumba kile.

“Marwa,” ukaniita, kwa sauti iliyovuka ua hadi kwa jirani yetu Mwita, “ndama wangu hawezi kulala na ukuta mchafu namna hii. Upake rangi.”

Nilikujibu kwa adabu kwamba ndama hana haja ya rangi, na kwamba ndama wote wa boma hili wamelala ndani kwa vizazi vingi bila kulalamikia kuta. Ulinitazama kama unavyotazama chungu kilichopasuka.

“Huyu wangu anayo haja,” ukasema. “Anapenda buluu.”

Ghati alielewa kabla yangu. Aliegemea mwimo wa mlango akacheka hadi akashika tumbo, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu alipotoka hospitali. Nilipong'amua na mimi, tayari alikuwa amepiga magoti akiivuta buluu kutoka chini ya kitanda. Hakuna aliyekuwa akimtayarishia mtoto chochote. Palikuwa na mama mzee anayemdekeza ndama wake, na kijiji kizima kilikuwa kimemsikia.

Kwetu kukandika ukuta ni kazi ya wanawake, kwa hiyo mwanamume mwenye burashi alikuwa kitu cha kuja kutazamwa. Mwita, mwenzangu wa rika, aliweka viwiko vyake juu ya ua akataka kujua huyo ndama anaolewa lini. Mkewe akauliza kama alete na shuka.

“Lete,” ulimjibu. “Na mto pia, kama unao.”

Naye akaileta shuka kweli, nyeupe, iliyokunjwa vizuri. Uliipokea kwa mikono miwili kwa niaba ya ndama, ukamshukuru kwa heshima zote, wala hakuna kati yenu aliyetabasamu.

Ukuta wa kwanza niliuharibu. Nilizidisha buluu, ukawa kama wino uliomwagika, ikabidi tuongeze chokaa na kurudia. Wakati tunakoroga upya, ndama alijisugua kwenye ukuta mbichi, na alipopelekwa kunywa maji ubavu wake mmoja ulikuwa wa buluu kabisa. Wachungaji mtoni waliacha kuchunga. Mzee mmoja wa kijiji cha Mbalibali alipanda hadi kwetu kuuliza hiyo ni dawa ya ugonjwa gani, ukamjibu kwamba si dawa, ndivyo alivyozaliwa. Mzee aliondoka akiwa anageuka nyuma kila hatua chache.

Tulipomaliza ulileta udongo mwekundu ndani ya kibuyu, bila kuombwa, ukapaka mstari mpana chini ya ukuta kwa kiganja chako. Ulieleza kwamba ndama hupiga mateke, na wekundu huficha uchafu. Lakini mstari huo uliupandisha hadi pale panapofika mkono wa mtoto anayetambaa. Niliupima kwa macho, nikaendelea kuosha burashi.

Ghati alilala katika chumba kile miezi yote iliyobaki, ndama upande mmoja, yeye upande mwingine, akiutazama ukuta wake kila alfajiri. Alinenepa. Alianza kuimba akitwanga. Na siku Nyangi alipozaliwa, akiwa mzima na mwenye sauti ya kuamsha kijiji, ulitoka uani palipokuwa pamejaa watu, uso mkavu kabisa.

“Ndama wangu amekikataa chumba,” uliwatangazia. “Basi chokaa isipotee bure. Mwacheni huyu mgeni alale humo.”

Nimesoma nyaraka nyingi za serikali, Mama, wala sijakuta tangazo lililotungwa vizuri kuliko hilo.

Sasa taarifa yenyewe. Nyangi ameanza kung'oka meno, na ameubandua ukuta kwa kucha kila mahali alipoweza kufika. Ndama wako, ambaye watu walimpa jina la Buluu likamganda, ni ng'ombe mkubwa mwenye maziwa mengi, naye amezaa. Ghati anatembea polepole siku hizi, na ameanza tena kuniagiza udongo wa kulamba. Zaidi ya hapo siandiki. Barua hii itasomwa kwa sauti, na siku hizi najua kwa nini yako mambo yasiyosemwa kwa sauti.

Juzi nilirudi na chokaa na buluu kutoka dukani. Ghati aliitazama ile buluu, kisha akaisukuma chini ya kitanda kama zamani. Tangu uondoke, hapana mtu wa kuzungumza na majirani juu ya jambo hili.

Nilikuwa na maelezo mazuri ya kumpa, yamepangika tangu mwanzo hadi mwisho. Niliyaacha. Nilikwenda zizini nikamfungua ndama wa Buluu, dume mwenye nguvu aliyenikanyaga mguu mara mbili njiani, nikamfunga katika chumba kile. Halafu mimi, ambaye sijawahi kuweka neno lisilo la kweli mbele ya Bwana Shauri, nilikwenda uani, nikasafisha koo, nikatamka:

“Mwita, ndama wangu hawezi kulala na ukuta uliobabuka namna hii. Inanilazimu kuupaka rangi.”

Mwita alikuwa akitia jembe mpini. Hakuinua kichwa.

“Huyu naye anapenda buluu?”

“Anaipenda.”

“Ile shuka mnayo bado,” mkewe akauliza kutoka ndani, “au nilete nyingine?”

Nikasikia nyuma yangu Ghati akicheka, kisha kitu kikiburutwa kutoka chini ya kitanda.

Leo kuta tatu zimekauka na wa nne bado una maji. Burashi nimeisimamisha pale mstari wako mwekundu unapoanzia, sijaugusa. Nyangi amenisaidia kukoroga na mikono yake ni ya buluu hadi kwenye viwiko. Ghati ameketi mlangoni anautazama ukuta, shuka mpya iko mapajani mwake.

Pumzika kwa amani, Mama. Ndama yumo chumbani. Tunangoja akikatae.

Ni mimi mwanao mtiifu,
mpaka rangi wa ndama wako.