Jibu la Mchungaji Mgeni

Ijumaa usiku, Khuwair ya Kusini

Bado najiuliza kama ningepaswa kulilainisha lile jibu.

Mchungaji mgeni, baba wa daktari anayeishi mtaa wa Ansab hapa mjini, anakaribia miaka tisini. Ujanani, kabla ya kuhubiri, alicheza besiboli Marekani katika ligi ya watu weusi. Mimi nilikuwa mkalimani wake, na nilichukizwa alipoanza habari za michezo katikati ya ibada.

Kisha akasimulia kuhusu mji mmoja ambako walimshangilia uwanjani, lakini jioni mkahawa ukakataa kumkalisha mezani kwa sababu ya rangi yake. Alipewa sahani yake kupitia dirisha la jikoni. Akina mama wa ibada yetu, wanaofanya kazi za ndani katika nyumba za watu hapa ughaibuni, wakaacha kunong'onezana.

Neema, mpishi katika nyumba moja mtaa wa Hail, akasimama, akanigeukia. "Mwalimu, niulizie Babu, je, aliwasamehe? Maana mimi madamu wangu nimeshindwa kumsamehe, na naogopa kushiriki Meza ya Bwana."

Nikamtafsiria mzee, naye akajibu kwamba bado anajaribu, na siku nyingine hushindwa.

Niliona jibu hilo halimfai mchungaji. Neema hajui Kiingereza. Ningeweza kumwambia "ndiyo", yakaisha.

Nikalisema lilivyo.

"Na uzee wote huo?" Neema akacheka huku akifuta machozi. "Basi mwambie tuko wawili."

Wakati wa kushiriki ulipofika, aliinuka. Nami nikafuata nyuma yake, nikimfikiria kaka yangu, ambaye miaka yote nimekuwa nikisema nimekwisha kumsamehe.