Hilwa, Wasijenge Pale Nilipoonesha

Soud Nabhan,
Nyuma ya stesheni ya metro,
Al Qusais, Dubai.

Alkhamisi, 4 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Hilwa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo mwenyewe? Shemeji Sahnan hajambo? Na Lamees, malkia wa mjomba, kile kikohozi kimemwachia? Mpe asali kila asubuhi, na akikataa mwambie mjomba wake anakunywa kopo zima, ndiyo maana mzuri hivi.

Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua lakini ulimi uko salama, alhamdulillahi. Juzi alimtoa mbio fundi wa kiyoyozi kwa maneno matatu. Wifi yako Kawthar anakusalimu, anasema ile kanga uliyomwomba ameipata Deira. Joto usiseme. Ukishika mlango wa gari mchana, ngozi ya kidole inabaki pale.

Nakuandikia ndani ya pikapu ya kampuni, hapa Jumeirah Village Circle, ndiyo JVC, saa ya mapumziko ya jua. Najua utajiuliza, Soud na kalamu wapi na wapi? Mimi niliyeacha shule darasa la nane kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha! Lakini kwenye simu nimeshindwa. Mara tatu nimekupigia nikwambie jambo hili, mara tatu nimesikia sauti yako nikaanza mzaha, ukacheka, nikaaga. Karatasi haicheki, kwa hiyo nitasema.

Hilwa, naogopa. Unanijua mimi. Nimelala Bombay kwenye gati, nimegombana na askari wa Muscat kwa Kiarabu cha kuokoteza, nimekula chakula ambacho mpaka leo sijui kilikuwa mnyama gani. Kuogopa sikuwahi. Sasa naogopa.

Naogopa ile chekechea na kile chumba cha kupimia watoto mnachotaka kujenga chini kwenye uwanda, kando ya kijito. Aliyewaonesha pale ni mimi.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwezi wa saba nilipokuja kwenu Lombok likizo, Sahnan akanichukua kwenye mkutano wa kupanga mpango wa kijiji. Wallahi niliupenda. Watu wamekaa mkekani, kahawa inapita, ndizi za kukaanga, kila mtaa unasema unachotaka: hawa daraja, hawa mfereji wa mpunga, kina mama chekechea. Sheha wenu, Pak Mustiadi, anaandika ubaoni kimoja kimoja. Sijapata kuona mimi. Huku mji unapangwa na watu ambao hata nyuso zao huzijui, unaamka asubuhi unakuta barabara imehama.

Na kina mama mlikuwa mmeshamaliza maneno yenu. Chekechea ijengwe juu, karibu na msikiti, kwenye kile kipande cha waqfu. Njia mlima, nafasi ndogo, lakini mmekubaliana. Jambo limekwisha. Ndipo Sahnan, kwa mapenzi yake, akasema, "Tunaye mgeni, Insinyur Soud wa Dubai, anapanga miji. Tumsikilize." Insinyur, ndiyo injinia kwa lugha ya kwao.

Mwenye akili angesema ahsante akanywa kahawa. Mimi nikasimama. Nikatoa na kofia nyeupe ya kazini mkobani nikaivaa. Nani anakwenda likizo na kofia ya kazini, Hilwa? Ni mimi. Nikawatoa watu wazima hamsini nje, nikawashusha mpaka uwandani, nikachukua ufito nikaanza kuchora: hapa chekechea, hapa chumba cha kupimia watoto, hapa magari yageuze, hapa bembea. Nikawaambia kupeleka watoto mlimani ni mambo ya zamani.

Unamkumbuka yule bibi mfupi mtafuna tambuu, Papuq Rinah? Alisema akiwa msichana maji yalishuka pale siku ambayo kijijini hakukunyesha hata tone, mvua ilikuwa juu mlimani. Yakachukua jiko la shangazi yake na nyati wawili. Wewe ndiye uliyenifasiria, na mimi nikamjibu, "Bibi, sisi Dubai tumejenga visiwa katikati ya bahari, tuogope hiki kijito cha kunawia miguu?" Watu wakacheka. Naye akacheka, akatema tambuu, akaniambia nina viganja laini kama vya bi harusi. Nikaona nimeshinda.

Wewe ukaninong'oneza, "Kaka, una hakika?" Nikakwambia nina hakika kama ninavyolijua jina langu.

Halafu watu wakanyamaza, nikadhani wamekubali. Juzi nimemuuliza dada mmoja wa Lombok anayefanya kazi kwa madam hapa JVC, ndiye anayekuletea barua hii, kwamba ukimya ule kwao una maana gani. Kanambia mgeni hapingwi mbele za watu, tena kaka wa mke wa mwenyeji. Na mimi nilipaswa kujua! Kwetu mgeni akisifu chai iliyotiwa chumvi badala ya sukari, si tunainywa wote mpaka chini? Basi kijiji kizima kimekunywa chai yangu.

Sasa sikiliza kilichonitia hofu. Sahnan alinitumia video ya vigingi walivyovipiga. Nikaona fahari, nikamwonesha Wanjiku. Wanjiku ni Mkenya, ndiye mpimaji ardhi wetu hapa kazini, msichana mdogo lakini mkuu wangu. Nilitaka anisifu. Akaisimamisha video, akaivuta ikawa kubwa.

"Soud, hii ni wapi?"

"Indonesia, kwa dada yangu."

"Haya mawe mviringo yote yalifika hapo aje?"

Nikamwambia mawe ni mawe tu. Akasema jiwe halizaliwi mviringo, limeviringishwa na maji, na jiwe la ukubwa wa kiti linataka maji mengi kulisukuma. Akanionesha ukingo wa mchanga nyuma ya vigingi, akanionesha mlima ulivyobana bonde kule juu. Kisha akauliza, "Nani alichagua hii place?"

Nikasema kuna mtaalamu mmoja alipita.

"Huyo msee afungwe," akasema. "Watoto ndio mnaweka hapo?"

Hilwa, nilicheka. Nilicheka kwa sababu sikujua uso niuweke wapi.

Na nilitakiwa nijue mwenyewe! Mwaka jana mwezi wa nne, mvua iliponyesha hapa, niliiacha pikapu hii hii ndani ya maji, nikatembea yamenifika kifuani, mahali ambapo miaka yote nilipita sikuona hata dimbwi. Nikaligeuza hadithi ya kuchekesha watu barazani. Sikujifunza kitu.

Sasa yale mengine, ambayo ni mazito kwangu kuliko haya. Mimi si injinia. Ulipoondoka Dubai kwenda kuolewa nilikuwa nauza makava ya simu Deira, na nilipopata kazi ya kampuni nikakwambia nimekuwa injinia, ukafurahi mno, nikaona nikuache ufurahi. Mimi ni dereva. Nampeleka Wanjiku anakokwenda, namshushia mashine yake, kisha nasimama mbali juani nimeshika ile fimbo yenye namba mpaka aniambie "yalla, sogea kushoto." Hiyo ndiyo miji niliyopanga. Kofia tunapewa wote, hata mpishi anayo.

Jina la injinia nililivaa kama kanzu ya kuazima, na wewe kule umelivaa pia. Najua kamati ya kina mama walikuchagua uwe mmoja wao baada ya ziara yangu. Najua mama mkwe wako anawaambia jirani mkwewe ni ndugu wa mtu mkubwa. Najua barua hii itakuaibisha sokoni, msikitini, kila mahali, na wewe ni mgeni kule, huna mama wala kaka wa kukaa upande wako. Hilo nalo linaniogopesha. Nimelipima na lile la maji wiki mbili nzima, na ni aibu kwangu kwamba nilihitaji wiki mbili.

Wiki iliyopita nilimpigia Sahnan, nikazungukazunguka, nikasema labda mfikirie tena, labda kule juu si kubaya. Akanijibu kwa Kiingereza chake kile, "Usijali kaka, kila kitu kama ulivyosema! Mawe ya msingi yamefika." Kisha kwa furaha akanambia kamati inataka jengo liitwe jina langu. Nilikata simu nikasema mtandao mbaya.

Hebu fikiria, mdogo wangu. Ndala za watoto zimepangwa mlangoni, wanaimba herufi, kijijini jua linawaka, hakuna anayeangalia mlimani. Na Lamees wako yumo, kwa sababu umeniambia tayari umemwandikisha. Kila siku nafungua simu kutazama mvua ya kwenu kabla ya kutazama kitu kingine. Mnasema mvua zinaanza mwezi wa kumi na moja. Nahesabu.

Basi nakuomba. Mkutano wa kutia muhuri mpango wa mwaka ni tarehe ishirini mwezi huu, kama ulivyonambia. Picha ya barua nitakutumia kwenye simu leo, lakini karatasi yenyewe ipeleke mkutanoni kwa mkono wako, kwa sababu sheha wenu ni mtu wa mafaili. Kwenye kumbukumbu za mkutano wa mwezi wa saba nilitia saini kama mtaalamu, nikaongeza na mkia mrefu kwenye ile saini. Maneno ya simu hayataifuta. Itafutwa na saini nyingine, nayo ipo hapa chini.

Wasomee kwa lugha yao, yote, pamoja na ya makava ya simu. Usinifiche na usinipambie. Najua mkono wako mwepesi kwenye kufasiri, ukiona neno kali unalilainisha. Safari hii usililainishe hata moja. Wakicheka waache wacheke mpaka watosheke. Wakikasirika, sema anayestahili ni mimi, na namba yangu ya simu wape, wanitukane wenyewe, nitasikiliza na sitatia mzaha.

Kisha mwombeni Papuq Rinah asimame, ashikwe mkono, ashuke nanyi uwandani, aoneshe maji yalifika wapi. Vigingi vya mpaka wa maji vipigeni hapo anapoonesha yeye. Na kabla hamjaweka jiwe popote, Pak Mustiadi aandike wilayani waletewe mtu aliyesomea, aje atazame kwa macho yake. Wanjiku amesema mtu wa namna hiyo lazima yupo, na kuuliza si ujinga. Amejitolea kutazama ramani mkimtumia. Nilimwambia ukweli leo asubuhi kwamba yule mtaalamu ni mimi. Akasema, "Andika leo."

Usiniulize basi wajenge wapi. Labda pale juu kwenye waqfu kina mama mlikuwa sawa, labda napo pana lake. Sijui, Hilwa. Sijui kabisa.

Na kama, Mungu aepushe, watanisikiliza kwa adabu kama walivyonisikiliza mara ya kwanza, wakanyamaza, kisha wakaendelea kujenga, basi wewe usiwe na adabu. Lamees asiingie jengo lile hata siku moja. Gombana na Sahnan, gombana na mkweo, sema kaka yako mwongo amekukataza. Kaa naye nyumbani. Na mama mwenzio akikuuliza kwa nini wako hayupo darasani, mwambie sababu, na mwingine akiuliza mwambie, hata wakuchoke.

Nisalimie Sahnan, mwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nimwombe mwenyewe. Aliniamini kwa moyo safi na mimi nikamuuzia mbuzi kwenye gunia. Msalimie mkweo. Msalimie Pak Mustiadi, mwambie mikutano yake ni mizuri, asiiharibu kwa kuheshimu wageni. Papuq Rinah mpelekee hizi tende za khalas, kifuko kizima ni chake, mwambie ni za mwenye viganja laini. Mama anakuombea kila sala. Leo jioni nitamwambia na yeye mimi ni nani kazini, kabla hajasikia kutoka kwenu.

Mwenyezi Mungu akulindeni na ya mlimani na ya bondeni, awatie watu wa kijiji hicho ukali wa kumkatalia mgeni, na anipe mimi siku ya kukuona tena uso kwa uso bila kuinamisha kichwa.

Kaka yako akupendaye, mwenye hofu,

Soud bin Nabhan
Dereva