Koti Juu ya Kioo

Annaberg, Januari

Detlef,

Mimi mzima, gari nalo zima, ila Bi Hannelore wa ghorofa ya juu ataniua. Unajua zamu yangu ya kuoka mikate inaanza saa kumi na moja alfajiri. Nilikwangua barafu iliyoganda usiku kwenye kioo cha gari, niliporudi nikakuta karatasi mlangoni: "Kabla ya saa kumi na mbili watu wamelala." Nikawasha injini ili joto liyeyushe. Karatasi ya pili: "Kuacha injini ikiunguruma ni kosa kisheria." Nikanyunyiza maji ya siki, kimya kabisa. Ya tatu: "Ua mzima unanuka achari."

Sasa kila jioni nafunika kioo kwa koti lako zito, lile ulilosema utalifuata kabla ya Krismasi. Asubuhi nalivuta tu, kioo kikavu, hakuna anayesikia kitu.

Jana akanisimamisha ngazini. "We Roswitha, hilo si koti la mumeo? Akirudi atavaa nini?"

Tangu Oktoba namwambia uko Hamburg kikazi. Jana nilichoka. Nikamwambia uko Hamburg kwa mwanamke. Akashuka nami, akanishikia upande mmoja wa koti tukifunika kioo.

Kwa hiyo koti usilifuate. Huyo wako akununulie jingine.

Mimi, mwenye kioo safi,
Roswitha