Kula ni Lazima

Majengo, Songea
7 Februari 1993

Shikamoo babu Romwaldi, mume wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, wanafunzi wananisumbua kama kawaida. Goti linaendeleaje?

Drafti yetu hii ya kwa barua nayo nimeshinda, ya saba mfululizo. Lakini barua yako ya mwisho ilikuwa na namba ya kete tu. Zamani ulikuwa ukinieleza umekula nini, nani kapita, mvua imenyesha wapi. Tangu bibi atutoke, ni kwa barua zako tu ninajua kama uko sawa huko Madaba. Umenuna?

Mjukuu wako,
Ekaristia

Madaba
19 Februari 1993

Mke wangu,

Milele amina. Marahaba. Goti lipo.

Sijanuna, nimechoka. Unabana kete zako ukingoni, unasubiri nikosee, wiki nenda wiki rudi. Unacheza kama karani anayelinda ghala. Ubao wa drafti nimefunikia mtungi. Usilete namba tena.

Babu yako

Majengo
27 Februari 1993

Shikamoo babu,

Pole na goti. Barua yako imeniuma, nimeisoma mara tatu. Kisha nikajiuliza: hivi mimi mwenyewe nafurahi? Hapana. Huo mtindo wa kubana alinifundisha Mwalimu Kajetani wa hapa shuleni. Unashindisha kweli, ila mwisho wa mchezo naujua hata kabla hatujaanza.

Sasa nataka kujaribu kitu. Sibani tena ukingoni. Nitakulisha kete zangu, nione kinatokea nini. Sijui nitaishia wapi, na hilo ndilo linanichekesha. Funua mtungi, babu. Naanza mimi: 22 nenda 18.

Mjukuu wako,
Ekaristia

Madaba
3 Aprili 1993

Mke wangu,

Hujambo? Nimekujibu mara nne kwa namba tupu, nisamehe. Nilikuwa na hasira. Ulipoanza kuniwekea kete mdomoni nilisema, huyu ananihurumia kwa kuwa nimefiwa, ananilisha kama mtoto. Kete ile ya mwisho nikakataa kuila, ubao ukakaa siku mbili sijaugusa. Lakini drafti yetu haina kusema nimeshiba. Kula ni lazima! Nikala moja, nikakutumia namba.

Leo konda wa basi kaniletea jibu lako: umekula tatu na kuingia kingi! Nilicheka hadi jirani yangu Egidi akaja kuuliza nina mgeni gani. Tukapanga upya vizibo vya soda, ndizo kete zangu, tukatafuta hiyo njia uliiona wapi. Jua likapanda, mkewe akatuletea ugali na majani ya maboga hapo hapo ubaoni. Tangu msiba sijawahi kumaliza sahani. Leo nimemaliza.

Sasa niambie ukweli. Ulijua, au ulibahatisha?

Babu yako

Majengo
11 Aprili 1993

Shikamoo babu,

Heri ya Pasaka. Nimefurahi mno kusikia umekula.

Sikujua. Niliona nafasi nusu tu, nusu nyingine nikaiachia Mungu. Nilipomkabidhi konda bahasha nilitamani kuichukua tena. Kwa kubana sijawahi kusikia hivyo.

Mjukuu wako,
Ekaristia

Madaba
20 Aprili 1993

Mke wangu,

Salamu nyingi. Nimefungwa, nakiri. Sijawahi kufungwa vizuri namna hii.

Lakini kuna jambo linanikosesha raha. Karatasi inaniletea namba tu, wakati mimi nataka kukuona unavyokuwa pale unapotoa kete na hujui itarudi na nini. Usijibu barua hii. Jumamosi napanda basi linalotoka Njombe, nashuka Songea. Kaa tayari na vizibo.

Babu yako