Hadithi za Mama Mkwe Kwenye Kipindi cha Hesabu

Jumatatu, 3 Machi

Nimesahihisha madaftari hamsini na nane. Waliofikia nusu ni tisa. Mwanangu mwenyewe, kumi na moja kwa hamsini. Nimemwandikia "Jitahidi" kwa wino mwekundu kama ninavyowaandikia wengine, kisha nikabaki nalitazama lile neno. Ajitahidi vipi zaidi? Jana nimemkalisha mezani saa nzima. Nikimuuliza saba mara sita, ananitazama kama nimemuuliza siri ya mtu.

Mwalimu mkuu ametangaza: watakaoshindwa mtihani wa mwezi ujao watarudia darasa la nne. Wangu alishalirudia. Hii itakuwa mara ya pili.

Miguu inawaka moto. Basi.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimesikia jambo.

Nimerudi sina nguvu hata ya kuvua viatu, nikajibwaga kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. Ndani mama mkwe anachambua maharage na mwanangu. Anamsimulia ile ya mtu aliyekuwa na chui, mbuzi na mzigo wa majani, na mtumbwi mdogo usiobeba ila yeye na kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi, mbuzi kwisha. Akimwacha mbuzi na majani, majani kwisha. Alipofika hapo mama mkwe akanyamaza, kama kawaida yake. Nikasikia maharage tu yakidondoka kwenye sufuria.

Mwanangu — huyu huyu wa kumi na moja — akasema taratibu: avushe mbuzi kwanza. Arudi. Avushe chui, halafu arudi na mbuzi.

"Arudi naye tena? Si kazi bure hiyo?"

"Si bure, Bibi. Akimwacha pale ataliwa."

Miaka kumi na tisa nafundisha hesabu. Hapo pa kurudi na mbuzi, watu wazima hukwama.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipeleka darasani. Nikaandika ubaoni: chui, mbuzi, majani. Masharti mawili. Swali: safari ngapi? Dakika kumi.

Kumi na wawili wamepata jibu: safari saba. Bora kuliko wale tisa wa Jumatatu, lakini si la kupigia vigelegele. Wengine wameuma kalamu. Mmoja aliuliza kama hilo litakuja kwenye mtihani. Mwingine aliuliza mtu anafuga chui wa nini. Nikamwambia akae.

Mwanangu hakuandika kitu. Daftari jeupe. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, si unaijua? Akasema, "Ile ya Bibi naijua. Ile ya ubaoni sikuielewa."



Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amenuna. Tangu juzi jikoni hakuna hadithi, ni sufuria tu zinazogongana. Leo wakati wa kuanua nguo nikamuuliza kulikoni. Akakunja shuka lote kwanza, pembe kwa pembe.

"Nasikia hadithi zangu umezifanya mtihani."

Nikajitetea: nazitumia kuwasaidia watoto, Mama, hata mjukuu wako.

"Yule mtu alikaa chini akalia, pale ukingoni. Umewaambia alilia?"

Nikakiri sikuwaambia.

"Na chui alikuwa wa nini?"

Nikasema sijui.

"Alimwokota akiwa mdogo kama paka. Ndiyo maana hawezi kumwacha. Sasa wewe umemtoa kilio, umemtoa chui utoto wake, umebakiza mifupa mitatu ubaoni. Nani atakaa ahangaike kuvusha mifupa?"

Akachukua beseni lake akaingia ndani. Nimebaki na vibanio mkononi. Mwanzo nilikasirika. Nimechoka, kila mtu ana somo la kunifundisha. Lakini nimemkumbuka yule mtoto aliyeuliza mtu anafuga chui wa nini. Ndilo lilikuwa swali.

Jumatano, 12 Machi

Jumatatu niliisimulia upya, bila chaki. Mtu akalia. Chui akawa mdogo kama paka. Nikanyamaza pale penye kunyamaza, ingawa kimya cha watoto hamsini na nane kinatisha kuliko kelele zao. Kisha wakaanza. Vifutio vikawa mbuzi, kalamu zikawa chui, njia kati ya madawati ikawa mto. Thelathini na wanne wamepata. Thelathini na wanne.

Leo mwalimu mkuu kaniita. Kuna mzazi ameleta barua: mwanawe anarudi nyumbani na habari za chui na mbuzi, kuzidisha na kugawanya hajui. Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Amechoka kama mimi, hata shati lake limechoka. Akasema mkaguzi anakuja Ijumaa na atakaa kwenye kipindi changu. Akiridhika, niendelee. Asiporidhika, nirudi kwenye kitabu ukurasa kwa ukurasa, au darasa apewe mwingine.

"Mwalimu, usinitie aibu," akasema. Kwa upole. Afadhali angefoka.

Jioni nikamfuata mama mkwe. Nikapiga goti kabisa, goti lenyewe bovu. Nikamwomba radhi kwa kuchukua bila kuomba, halafu nikamwomba aje Ijumaa asimulie yeye.

"Mimi sikufika hata darasa la pili."

"Najua, Mama."

Akaniacha hapo chini muda wa kutosha. Mwisho akasema atakuja, ila nisimsimamie kichwani.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika haya nikiwa dawati la nyuma. Kipindi hakijaisha. Nikikosa kalamu nitaenda kumsimamia Mama kichwani, na mkaguzi akiniona ataamini naandika maendeleo ya somo.

Mama mkwe amekaa kwenye kiti changu na kanga yake mpya. Hakuleta ya mbuzi. Ameleta ya msichana na zimwi, siijui. Zimwi limemshika mdogo wake. Linataka maji vibaba vinne kamili; likipata vitatu au vitano, linammeza. Msichana ana vibuyu viwili tu, cha vibaba vitano na cha vitatu. Kisima kipo, maji tele. Akanyamaza.

Watoto wanahangaika. Mkaguzi ameweka kalamu chini, anahesabu kwa vidole chini ya meza. Nimemwona.

Mama mkwe akaanza kuwapa njia: jaza kikubwa, mimina kwenye kidogo, vimebaki viwili... Na hapo mwanangu akasimama. Hajawahi kusimama darasani bila kuitwa.

"Bibi, kuna nyingine. Aanze na kidogo."

Mama mkwe hakatizwi. Hata mwanawe, yaani mume wangu, hamkatizi. Akasema: "Hadithi haiko hivyo."

Mwanangu hakukaa. Akaendelea. Kidogo kijazwe, kimiminwe kwenye kikubwa. Kijazwe tena, kimiminwe mpaka kikubwa kijae. Kwenye kidogo kinabaki kimoja. Kikubwa kimwagwe chote, kile kimoja kiingie humo. Halafu kidogo kijazwe tena —

Akakwama. Ameduwaa, vidole vitatu hewani. Naijua namba. Imenijaa mdomoni kama maji.

Mwalimu mkuu amechungulia mlangoni, anaonyesha saa. Mkaguzi amemwashiria asubiri. Mama mkwe amemgeukia mjukuu wake, akageuza na kiti chenyewe.

"Haya, mwanangu," amemwambia. "Zimwi linangoja. Na mimi nangoja, maana hii siijui."

Mtoto anaangalia vidole vyake. Hanitazami mimi hata kidogo. Midomo yake inatembea. Kimoja, anasema. Kimoja, na —